Si Kila Tumbo Ni Taifodi

Tanzania ukiumwa tumbo una magonjwa manne ya kuchagua: taifodi, UTI, minyoo na vidonda vya tumbo. Huna hata haja ya kuchagua mwenyewe. Daktari atakuchagulia kabla hujakaa vizuri kwenye kiti. Ukirudi tumbo likiwa lile lile, utaongezewa la pili. Ukirudi tena, utaambiwa una mawazo. Hapo ndipo uchunguzi wa tumbo unapokomea: kwenye mawazo ya mgonjwa, kwa kuwa daktari ameishiwa ya kwake.

Uko ugonjwa mmoja unaopenya katikati ya hayo manne, miaka nenda miaka rudi, bila mtu kuusimamisha. Unaitwa siliaki. Mwenye ugonjwa huu akila ngano, shayiri au nafaka ya rai, kinga ya mwili wake inaigeukia gluteni, ile protini inayoufanya unga wa chapati uvutike, na katika vita hivyo inaharibu ukuta wa utumbo mwembamba. Vinyweleo vya kufyonza chakula vinasagika. Mtu anakula, anashiba, lakini madini ya chuma, kalsiamu na vitamini vinapita vikielekea chooni. Huu si mzio wa kuwashwa na kuvimba midomo, wala si tumbo kuchagua chakula. Ni kinga kuushambulia mwili wenyewe, na tiba yake ni moja tu: kuacha gluteni kabisa, maisha yote.

Si ugonjwa wa nadra. Mapitio makubwa ya tafiti za dunia yaliyochapishwa mwaka 2018 yalionyesha kwamba vipimo vya damu huukamata kwa takriban watu 14 katika kila 1,000, na wanaothibitishwa kwa kukatwa kinyama cha utumbo ni kama 7 katika 1,000. Nenda kwenye mechi ya Simba na Yanga, uwanja ukiwa umejaa, upige hesabu mwenyewe. Hata ukiamini kwamba sisi tuko chini ya wastani huo, kata nusu, kata tena nusu, bado unabaki na watu wa kutosha kuwaaibisha wanaosema hawajawahi kuuona.

Sina ugomvi na mabingwa. Bingwa wa mfumo wa chakula anaijua siliaki, na ukimfikia utapata jibu. Ugomvi wangu ni na daktari wa kwanza: tabibu wa zahanati, daktari wa kituo cha afya, daktari wa kliniki ya mtaani mwenye foleni mlangoni. Huyo ndiye anayeamua nani apewe rufaa na nani arudi nyumbani na mfuko wa vidonge. Asipouwaza ugonjwa, bingwa wa Hospitali ya Muhimbili hatakuona kamwe, hata kama mnaishi mtaa mmoja.

Ninalo hapa mezani daftari la hospitali la mdogo wangu, mwalimu wa shule ya msingi. Ganda limekunjika, mgongo umebandikwa selotepu. Kurasa za mwanzo: tumbo kujaa gesi, kuharisha, kipimo cha taifodi cha Widal 1:160, ciprofloxacin. Mbele yake: uchovu, vidonda mdomoni, UTI, sindano za ceftriaxone. Kisha minyoo, albendazole. Kisha vidonda vya tumbo, omeprazole. Kisha mimba iliyoharibika. Kisha omeprazole tena. Na karibu kila ukurasa, kwa wino wa kila rangi, mtu ameandika wingi wa damu: 8.1, 7.9, 8.4, na chini yake vidonge vya kuongeza damu. Wote hao waliiona namba ile. Waliiandika kwa mkono wao. Hakuna aliyejiuliza: mwanamke asiye na hedhi nzito, anayekula maharage na mchicha, anayemeza vidonge vya chuma bila kukosa, chuma chote hicho kinakwenda wapi?

Aliyejiuliza mwishowe hakuwa bingwa. Alikuwa tabibu kijana wa zahanati. Alisoma daftari lote kuanzia ukurasa wa kwanza, jambo ambalo peke yake lingestahili medali. Akauliza anakula nini asubuhi, mchana, jioni. Akatoa simu mfukoni, akasoma mbele ya mgonjwa wake bila haya, kisha akasema: “Dada, mimi sina uhakika. Lakini kuna kipimo naomba ukafanye, na usiache kula chapati mpaka majibu yatoke.” Kipimo kilikuja juu kupindukia, kamera ya tumbo ikathibitisha. Leo damu ya mdogo wangu iko 12 na hajagusa kidonge cha omeprazole muda mrefu.

Kijana yule hakuwa na mashine ambayo wenzake hawakuwa nayo. Alikuwa na dakika chache na akili inayokubali kusema “sina uhakika”. Ndiyo maana siukubali utetezi wa kwamba nchi yetu ni maskini. Kusoma kurasa za nyuma za daftari hakuhitaji bajeti ya Wizara.

Tuzungumzie Widal, maana ndiyo kichaka cha uvivu wetu. Kipimo hiki kilianza Ufaransa mwaka 1896. Kinatafuta kingamwili dhidi ya bakteria wa taifodi, na mahali ambapo watu wengi wamekwisha kukutana na bakteria hao au jamaa zao, kusoma 1:80 au 1:160 mara moja tu hakuthibitishi kitu. Anayetaka uhakika anaotesha bakteria kutoka kwenye damu ya mgonjwa. Haya yamo kwenye vitabu vya chuo. Lakini Widal ni rahisi, majibu yake ni ya haraka, na kila mtu anaondoka ameridhika: mgonjwa amepata jina la ugonjwa, kliniki imepata pesa ya kipimo na ya sindano. Taifodi ipo, inaua, na anayeugua kweli atibiwe. Ila ugonjwa unaorudi kila baada ya miezi miwili kwa mtu yule yule, anayetumia maji ya kuchemsha, hauwezi kuwa taifodi milele. Kuna mahali daktari anapaswa kuona aibu kuiandika tena.

Nawasikia wakijibu: siliaki ni ugonjwa wa wazungu. Jibu hili limekaa vyuoni kama sheria, na ni uongo. Mwaka 1999 jarida la Lancet lilichapisha uchunguzi wa watoto wa Kisahrawi walioko kwenye kambi za wakimbizi karibu na Tindouf, Algeria. Asilimia 5.6 walikuwa na siliaki, kiwango ambacho Ulaya nzima haikuwahi kukifikia. Hao ni Waafrika wa jangwani, ambao mababu zao waliishi kwa maziwa na nyama ya ngamia, na ngano ikawamiminikia baadaye. Mwaka 2011 uchunguzi wa Delhi na vitongoji vyake nchini India ulikuta mgonjwa mmoja katika kila watu 96. Sasa hesabu Watanzania na Wakenya wenye asili ya Punjab, Gujarat, Yemen na Somalia, kuanzia Mombasa hadi Mtwara. Jeni zinazomweka mtu katika hatari, HLA-DQ2 na HLA-DQ8, hazikaguliwi pasipoti mpakani. Takwimu nyingi za Afrika zinatoka kaskazini, Misri, Tunisia, Algeria na Libya, kwa sababu huko wamepima. Asiyepima hana haki ya kutangaza kwamba hakuna.

Na ngano yenyewe si ya wazungu tena. Bibi zetu waliila sikukuu. Mtoto wa Mbagala leo anaamka na maandazi, saa nne anakula biskuti, jioni anapakuliwa chapati au tambi. Pwani asubuhi bila mahamri si asubuhi. Mwezi wa Ramadhani meza ya futari inajaa sambusa na kaimati. Bei ya unga ilipopaa mwaka 2022 baada ya Urusi kuivamia Ukraine, chapati zilipungua ukubwa mitaani na nchi nzima ikanung'unika. Huwezi kununa kwa sababu ya bei ya ngano halafu ukamwambia mgonjwa kwamba magonjwa ya ngano yako Ulaya.

Huko kwenyewe Ulaya na Marekani kunakosifiwa, hali si ya kujivunia. Uingereza mgonjwa wa siliaki huchukua wastani wa miaka 13 tangu dalili za kwanza hadi kuupata ukweli, na hii ni nchi ambayo karibu kila mtu ameandikishwa kwa daktari wake wa kwanza. Marekani, uchunguzi wa kitaifa wa miaka ya 2009 na 2010 uliwapima watu zaidi ya 7,000. Waliokutwa na siliaki walikuwa 35, na kati yao 29 hawakuwa wakijua. Ndugu zetu walioko huko wana mzigo wa ziada, maana watafiti wa Marekani wenyewe wameonyesha kwamba mtu mweusi akipigwa kamera ya tumbo, hukatwa kinyama mara chache kuliko mweupe. Daktari anaujua ugonjwa, ila macho yake yamekwisha kuamua ni wa nani. Kwa hiyo pesa peke yake haiponyi upofu huu. Vifaa wanavyo, maabara wanazo, na bado mgonjwa anapita. Kinachokosekana huko na hapa ni kile kile: daktari wa kwanza anayeshuku.

Historia ya ugonjwa huu imejaa mafunzo kwa anayetaka kufundishika. Daktari Samuel Gee aliueleza mjini London mwaka 1888, akasema kama mgonjwa atapona basi ni kwa chakula, ila hakujua chakula kipi. Mwaka 1924 Sidney Haas wa New York akaja na ndizi. Watoto waliokuwa wanakufa walinenepa kwa ndizi, dunia ikashangilia, na kwa miaka mingi watu wakaamini ndizi ni dawa. Wahaya na Wachaga wangefurahi kusikia. Kumbe siri haikuwa ndizi aliyoiweka, bali mkate aliouondoa, na watoto walioruhusiwa kurudi kwenye mkate waliumwa upya.

Aliyefumbua fumbo ni Willem Dicke, daktari wa watoto wa The Hague, Uholanzi. Inasimuliwa kwamba kabla ya Vita Kuu ya Pili alisikia maneno ya mama mmoja kijana, aliyesema mwanawe hupata nafuu kila akinyimwa mkate. Dicke hakumwambia mama yule ana mawazo. Akaanza kuwajaribu wagonjwa wake kwa vyakula visivyo na ngano. Ilipokuja njaa kali ya majira ya baridi ya 1944 na 1945, mkate ukaadimika na Waholanzi wakala hadi vitunguu vya maua ya tulipu, watoto wenye siliaki walipata nafuu katikati ya njaa. Mkate uliporudi, ugonjwa ukarudi. Mwaka 1950 akatetea tasnifu yake Utrecht. Ugunduzi mkubwa kuliko yote katika ugonjwa huu ulianza kwa daktari kumsikiliza mama. Madaktari wetu wanasikiliza mama wangapi kwa siku, na wanawaamini wangapi?

Nijuavyo, hakuna anayedhalilishwa kama mama wa mtoto aliyedumaa. Mtoto ana tumbo kubwa, mikono vijiti, matako yamenywea, anaharisha kinyesi kinachoelea na kunuka. Mama anafika kliniki, anapigwa swali kama mshitakiwa: “Unamlisha nini huyu?” Kweli, watoto wetu wengi wanadumaa kwa njaa, kwa maji machafu, kwa minyoo, na hayo ndiyo yatazamwe kwanza. Lakini akishatibiwa minyoo, akishapimwa kifua kikuu na Virusi vya Ukimwi, akishalishwa na bado haongezeki, swali la pili liko wapi? Badala yake mama anaambiwa aongeze unga wa lishe. Ukiugeuza ule mfuko ukasoma kilichomo, mara nyingi utakuta mahindi, soya, ulezi, karanga na ngano. Mtoto wa siliaki anaongezewa kijiko cha kile kile kinachomkondesha, na mama anaongezewa lawama.

Sasa nifike kwenye kosa linalonichoma kuliko yote, nalo linafanywa na madaktari wanaojiona wameelimika. Mgonjwa anasema chapati inamsumbua. Daktari anatabasamu: “Basi acha ngano mwezi mmoja tuone.” Mgonjwa anaacha, anapata nafuu, wote wanafurahi. Hapo daktari amefagia nyayo za mwizi kabla polisi hawajafika. Kipimo cha damu cha siliaki kinategemea kingamwili zinazotengenezwa wakati mtu anakula gluteni, na ukiacha, zinashuka. Ukuta wa utumbo nao unaanza kujitengeneza. Miezi ikipita, mgonjwa akitaka kuthibitisha, majibu yanatoka safi, anaambiwa huna kitu, anarudi kwenye maandazi, anaangamia upya. Au analazimika kurudi kula ngano makusudi, wiki kadhaa za kuharisha na kutapika, ili tu apimike. Mwongozo wa Uingereza unataka mtu awe amekula gluteni zaidi ya mlo mmoja kwa siku kwa muda usiopungua wiki 6 kabla ya kupimwa. Kanuni ni fupi, inaingia kwenye kiganja: pima kwanza, acha baadaye.

Na asiyepimwa anabaki njiani maisha yake yote. Hajui aache kabisa au apunguze. Sikukuu anaonja, msibani anaonja, kwa kuwa hakuna karatasi inayomwambia kwamba kuonja kunaharibu. Watoto na ndugu zake hawapimwi, ilhali kwa wazazi, watoto na ndugu wa tumbo moja hatari hufika watu 7 au 8 katika kila 100. Kibaya zaidi, nyuma ya tumbo lile kunaweza kuwa na kifua kikuu cha utumbo au saratani, na mwezi wa “tuone” ukawa mwezi wa kupoteza mtu.

Ombwe hili limewapa wachuuzi riziki. Mgonjwa aliyechoshwa na zahanati anaangukia mikononi mwa wanaouza vipimo vya damu vya “vyakula mia unavyopaswa kuacha”, vinavyotumia kingamwili za IgG na visivyotambua siliaki wala mzio. Anatoka na orodha ndefu: aache mayai, maziwa, nyanya, samaki. Mwingine anauziwa unga wa majani wa kusafisha utumbo. Madaktari wanawalaani wachuuzi hawa, na wana haki. Ila nani aliyewapelekea wateja?

Daktari wa kwanza anayejua kazi yake hahitaji mengi. Anapaswa kujua nani wa kumshuku: mwenye kuharisha au tumbo kujaa kusikokoma, mwenye upungufu wa damu usiosikia vidonge, mtoto asiyekua, mwanamke ambaye mimba zinaharibika bila sababu, mwenye kisukari cha aina ya kwanza au ugonjwa wa tezi ya shingo unaotokana na kinga, mwenye ndugu wa damu aliyethibitishwa, mtu wa makamo mwenye mifupa ya mzee, mwenye upele wa malengelenge unaowasha viwikoni na magotini. Tena ajue kwamba siliaki haimkondeshi kila mtu. Wapo wanene, na wapo wanaofunga choo badala ya kuharisha.

Kipimo cha kuanzia ni kimoja cha damu, tTG-IgA, kikiambatana na jumla ya IgA. Sehemu hii ya pili ndiyo wengi wanayoisahau. Wapo wagonjwa ambao miili yao haitengenezi IgA ya kutosha, kwao tTG-IgA itasoma hasi hata utumbo ukiwa umeharibika, na inabidi kupima kwa aina ya IgG. Majibu yakiwa juu, kwa kawaida mtu mzima anapelekwa kwenye kamera na kukatwa vinyama vya sehemu ya mwanzo ya utumbo mwembamba. Vinyama, si kinyama kimoja, kwa maana madhara hukaa mabaka mabaka na kipande kimoja kinaweza kuangukia palipo pazima. Kwa watoto, miongozo ya Ulaya inaruhusu kutopiga kamera endapo kipimo kimezidi kikomo mara 10 au zaidi na damu ya pili ikathibitisha kwa kipimo kingine. Ni hayo tu. Hayajazi hata ukurasa mmoja wa daftari la mwanafunzi.

Baada ya majibu ndipo wengi wa madaktari wetu wanapomalizia kuharibu. “Usile ngano,” wanasema, wanampungia mkono. Nenda naye jikoni basi. Ulezi wake safi ameupeleka mashine ya kusaga, na mbele yake mtu amesaga ngano. Unga wa kwanza unaotoka umechanganyika. Mihogo anayokaangiwa barabarani imepita kwenye mafuta yaliyotoka kukaanga maandazi. Mchuzi wa soya wa wali wa kukaanga una ngano. Bia ina shayiri. Mkatoliki anapokea hostia, nayo ni ngano. Kanisa linaruhusu hostia zenye gluteni kidogo mno kwa wenye shida hii, lakini nani amemwambia aongee na paroko wake? Kiwango cha kimataifa cha Codex kinataka chakula kinachoitwa kisicho na gluteni kisizidi miligramu 20 kwa kilo. Miligramu 20! Daktari asiyejua ukali huo anampa mgonjwa ruhusa ya kula “kidogo kidogo”, na kwa kidogo kidogo hiyo utumbo haujengeki.

Halafu yuko wa upande wa pili, anayemwambia mama wa Dodoma atafute mkate wa kutoka ng'ambo usio na gluteni. Huyu anaijua siliaki ya kitabuni, nchi yake haijui. Hakuna mahali pazuri pa kuishi na ugonjwa huu kama hapa kwetu, kama tungepewa maelezo. Ugali wa mahindi, wa mtama, wa uwele, wa muhogo. Wali. Ndizi za kupika. Viazi vitamu, magimbi, maharage, choroko, vitumbua na mkate wa kumimina uliotengenezwa kwa mchele mtupu. Mzungu ananunua unga wa mtama dukani kwa bei ya dhahabu kama dawa; sisi tunao shambani. Ushauri bora kwa mgonjwa wa Kitanzania ni kurudi kwenye chungu cha bibi yake, akiwa na sufuria yake, chekecheo lake, na mashine ya kusaga aliyoiwahi kabla ya ngano kupita. Kisha arudi kupimwa damu baada ya miezi 6 na baada ya mwaka, aangaliwe chuma, asidi ya foliki, vitamini B12 na D, tezi na mifupa. Siliaki haifungwi kwa maneno mawili mlangoni.

Wapo watakaosema napigania wachache wakati malaria, kifua kikuu na seli mundu vinaua kila siku. Hoja hiyo naiheshimu, kisha naikataa. Sijaomba nchi nzima ipimwe. Naomba apimwe yule ambaye tayari mmempima Widal mara zisizohesabika, mmempa dawa za kuua bakteria ambazo hakuzihitaji, mkamwongezea damu, mkampiga picha. Jumlisheni gharama hizo. Kipimo kimoja cha tTG kingekuwa nafuu, hata kama sampuli inasafirishwa hadi maabara ya jiji lingine. Na kila sindano ya bure mnayochoma kwa taifodi isiyokuwepo inawafundisha bakteria wa taifodi ya kweli namna ya kuishinda dawa. Kumtendea haki mgonjwa wa siliaki ni kumlinda pia wa taifodi.

Kwa hiyo nadai. Vyuo vya utabibu na vya udaktari viufundishe ugonjwa huu kama ugonjwa wa hapa, si tanbihi ya Ulaya ya kukaririwa mtihani ukikaribia. Wizara ya Afya iweke kwenye mwongozo wa zahanati mstari mmoja tu: upungufu wa damu au kuharisha kusikosikia tiba, pima tTG-IgA na jumla ya IgA kabla ya kubadili chakula. Bima za afya zikilipe kipimo hicho kikiandikwa na tabibu, zisisubiri sahihi ya bingwa. Wasaga unga wa lishe waandike kila nafaka iliyomo, kwa herufi ambazo mama anaweza kuzisoma bila miwani.

Na wewe msomaji ambaye tumbo lako limekula mishahara yako, usisubiri Wizara. Ingia kwa daktari na maswali. Muulize: umewahi kumpima mtu siliaki? Utaanza na kipimo gani? Niendelee kula chapati mpaka lini? IgA yangu ikiwa chini utafanyaje? Nikikutwa nayo, watoto wangu wapimwe? Huna haja ya kupata anayejibu yote. Akijibu mawili na matatu akakuambia subiri nisome, umepata daktari. Mshike, mshukuru, watumie jirani zako jina lake. Akikukunjia uso, akakuuliza ulisoma wapi udaktari, akaivuta karatasi ya maabara na kuandika Widal kabla hujamaliza kusema, usibishane naye. Inuka, toka, mpishe anayefuata, na ukifika nje mwambie na huyo anayefuata.